Hassan Fathy: msanifu wa Misri aliyejenga kwa udongo na upepo

Msimu wa kaskazi ukikaza hapa Pwani, kuanzia Januari hadi Machi, mazungumzo ya barazani huwa ni mamoja tu: joto. Mwenye feni analalamikia bei ya stima, asiyekuwa nayo anatandika mkeka nje hadi usiku wa manane. Nyumba nyingi tunazojenga siku hizi, iwe Kisauni, Likoni, Mtwapa au Ukunda, zina kuta nyembamba za bloku, mabati juu na dirisha moja linaloangalia ukuta wa jirani. Ikifika saa nane mchana, ndani ni kama tanuri ya mkate. Mtoto mchanga na bibi mzee ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu wao ndio wanaoshinda nyumbani.

Wazee wetu waliishi chini ya jua hili hili na hawakuwa na stima. Walijuaje kukaa? Swali hilo si letu peke yetu. Kuna mtu aliyelibeba maisha yake yote, akalipia gharama kubwa, akashindwa mara kadhaa mbele ya macho ya watu, na hata hivyo akawaachia wajenzi wa dunia nzima somo ambalo sasa, joto likizidi kila mwaka, linatafutwa kwa hamu. Jina lake ni Hassan Fathy wa Misri. Leo naomba, ndugu msomaji, tutazame maisha ya mzee huyu, kisha tujiulize sisi tunajenga nini.

Mtoto wa tajiri aliyependa mashamba

Hassan Fathy alizaliwa Alexandria tarehe 23 Machi 1900, katika familia yenye uwezo na mashamba makubwa. Baba yake hakuipenda shamba. Kwake ilikuwa mahali pa nzi, matope na maradhi, na hakutaka wanawe wakanyage huko. Mama yake alikuwa kinyume. Alikulia shamba, na akiwasimulia watoto wake habari za wanyama, mifereji na mavuno kwa mapenzi makubwa. Kijana Hassan akakua na picha mbili kichwani, ya baba na ya mama, bila ya yeye mwenyewe kufika.

Alitaka kusomea kilimo. Akaanguka kwenye mtihani wa kuingia, kwa sababu ambayo ni rahisi kuielewa: hakuwa amewahi kuona zao likikua. Akageukia usanifu wa majengo, na mwaka 1926 akahitimu Cairo, katika chuo ambacho leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Cairo. Mafunzo yenyewe yalikuwa ya Kizungu. Mwanafunzi alifundishwa kuchora majengo ya Paris na London, na akitoka pale hawezi kukuambia nyumba ya jirani yake imejengwaje.

Mara tu alipoanza kazi alitumwa kusimamia ujenzi wa shule katika mji mdogo wa Talkha, kwenye delta ya Nile. Huko ndiko alikoona kwa macho yake namna wakulima wa Misri walivyoishi: vichochoro vya matope, vibanda vilivyobanana, watu waliochoka. Baadaye alikwenda kwenye shamba la familia yake mwenyewe na kukuta hali ni ile ile, kwenye ardhi ambayo mapato yake ndiyo yaliyomsomesha. Aibu hiyo haikumtoka tena. Tangu hapo alijiona ana deni kwa watu hao.

Matofali ya tope na paa lililoanguka

Kuanzia mwaka 1930 alifundisha katika Skuli ya Sanaa mjini Cairo. Katika miaka hiyo alijiuliza: mkulima maskini hana pesa za simiti wala chuma, lakini chini ya miguu yake kuna udongo, na kwa maelfu ya miaka watu wa Nile wamefyatua matofali ya udongo uliochanganywa na majani makavu na kuyaanika juani. Kwa nini msanifu aliyesoma ayadharau? Mwaka 1937 akaonyesha hadharani, huko Mansoura na Cairo, michoro ya nyumba za mashambani zilizoundwa kwa matofali hayo. Watu wakazisifu. Lakini michoro hailaliwi.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, mbao na chuma kutoka nje vikawa haba na bei ikapaa. Fathy alikuwa amepewa kazi ya kujenga nyumba za wakulima kwenye shamba la majaribio huko Bahtim, karibu na Cairo. Kuta za udongo hazikumpa taabu. Taabu ilikuwa paa. Paa bapa linataka boriti, na boriti hazikuwapo. Akafikiri kujenga paa la upinde kwa matofali yale yale ya udongo. Mafundi wake wakajaribu, paa likaanguka. Wakajaribu tena, likaanguka tena. Kwa ujuzi wa vitabuni, upinde hauwezi kujengwa bila fremu ya mbao ya kuushikilia hadi ukauke, na mbao ndizo zilizokosekana.

Ndugu yake ndiye aliyemwambia kwamba kule kusini, Nubia, watu wanaezeka nyumba na misikiti kwa matao ya udongo na hawatumii fremu yoyote. Mapema mwaka 1941 Fathy akasafiri hadi Aswan, na katika kijiji cha Gharb Aswan, ng'ambo ya mto, akakuta kile alichokuwa akikitafuta. Nyumba nzuri, ndefu na safi, zimepakwa na kupambwa, paa zake za mviringo, zote za udongo. Hakukuwa na msanifu aliyezichora. Na alipofika Luxor akaona kwenye hekalu la Ramesseum maghala ya nafaka yenye matao ya namna hiyo hiyo, ya matofali ya udongo, yaliyosimama kwa zaidi ya miaka 3,000. Basi ule msemo kwamba nyumba ya udongo haidumu ukawa hauna miguu.

Akawaleta mafundi wa Kinubi. Kazi yao yafaa kuelezwa, kwa sababu ndani yake mna elimu. Fundi anajenga kuta mbili za pembeni na ukuta mmoja wa nyuma ulio mrefu zaidi. Juu ya ukuta wa nyuma anapaka tope na kuchora mkunjo wa upinde kwa jicho, akiutengeneza kwa tezo, chombo kile kile ambacho mafundi wetu wa majahazi wanakijua. Matofali ya paa ni mepesi kuliko ya ukutani, yamewekwa majani mengi, na kabla hayajakauka fundi huyachora mifereji kwa vidole ili yashike tope vizuri. Kisha anayapanga yakiwa yameegemea ule ukuta wa nyuma, kila mstari ukilalia ulioutangulia. Hakuna tofali linaloning'inia hewani, kila moja lina mwenzake wa kumuegemea. Wafundi wawili wanakwenda hivyo hadi mwisho wa chumba, na ubao wa kushikilia hawauhitaji.

Na mkunjo wenyewe hawaubahatishi. Chukua mnyororo uushike ncha mbili uning'inie, utaona mkunjo wake. Ugeuze juu chini, huo ndio upinde wa Mnubi. Katika umbo hilo uzito wote husukumana kwenda chini na hakuna mahali panapovutwa. Udongo unaweza kubeba mzigo wa kusukumwa lakini ukivutwa unapasuka. Mafundi wale hawakusoma hesabu hiyo. Waliipokea kwa baba zao, na maumbile yenyewe yakawa mwalimu.

Gourna: kijiji kilichokataliwa

Mwaka 1945 Idara ya Mambo ya Kale ya Misri ilimkabidhi Fathy kazi iliyompa jina na kumvunja moyo. Ng'ambo ya Luxor, kwenye ukingo wa magharibi wa Nile, kulikuwa na kijiji cha Gourna. Watu wake wapatao 7,000 waliishi juu ya makaburi ya wakuu wa kale, na wengi wao maisha yao yalitegemea makaburi hayo, kwa kuongoza watalii, kwa kuuza vitu vya kuiga, na pia kwa kuchimba usiku na kuuza vya kweli. Ulipofika wizi mkubwa wa mchongo wa mwamba uliojulikana kwa wataalamu, serikali iliamua kuwahamisha wote. Ikanunua ekari 50 tambarare karibu na mto, ikamwambia Fathy awajengee kijiji kipya kwa gharama ndogo.

Alifanya kazi kama mtu aliyekuwa akiisubiri. Hakutaka nyumba za safu zinazofanana kama kambi. Alitaka kila familia itazamwe peke yake, idadi ya watu wake, mifugo yake na shughuli zake, na jamaa wa ukoo mmoja wakae kuzunguka uwanja wao. Njia alizipinda makusudi ili zipate kivuli na mgeni asipite akichungulia. Akajenga msikiti, soko, skuli, ukumbi wa michezo na mahali pa mafundi kufundishia vijana kazi za mikono. Matofali yalifyatuliwa pale pale.

Hapo ndipo alipoonyesha pia kwamba kwake nyumba si kuta tu, ni namna ya kuongoza hewa. Katika skuli aliweka malqaf, yaani mnara mfupi wenye mdomo unaoelekea upepo. Upepo unaingia juu, mahali ambapo hauna vumbi na una nguvu, unashuka ukipita kwenye makaa yaliyoloweshwa maji, kisha unaingia darasani. Kwa njia hiyo joto lilishuka kwa nyuzi 10 hivi. Ni jambo lile lile la mtungi wa maji wa bibi zetu. Maji yanapotoka polepole kwenye udongo na kukauka, yanachukua joto na kuacha ubaridi. Fathy hakuivumbua malqaf. Aliikuta kwenye majumba ya Cairo ya karne ya 14, wakati wenye majumba ya kisasa wakinunua mashine.

Lakini kijiji hakikuhamiwa. Kwanza, maofisa. Majani ya kuchanganya matofali yalicheleweshwa, mishahara ikacheleweshwa, kila karatasi ikataka sahihi tano. Pili, na hili ndilo zito, wenyewe wa Gourna hawakutaka. Kuhama kulimaanisha kuacha riziki yao. Usiku mmoja wa msimu wa mafuriko mtu akalikata tuta lililozuia mto ili maji yaizamishe kazi yote. Mwaka 1948 ujenzi ulisimama, na ni sehemu tu ya kijiji iliyokuwa imekamilika.

Kuna la tatu ambalo wasifiaji wa Fathy hupenda kulipita haraka. Nyumba zake zilikuwa na makuba, na kwa watu wa Misri ya juu kuba ni dalili ya kaburi la walii. Mtu anayeambiwa ahamie kwenye kuba anaweza kuona anaambiwa ahamie maziarani. Fathy aliwapenda wakulima kwa dhati, aliwasikiliza kuliko msanifu yeyote wa zama zake, na bado jambo hilo lilimpita. Mafundi wa Kinubi walikuwa watu wa kusini, desturi yao si lazima iwe desturi ya Luxor. Kumpenda mtu si sawa na kumuelewa.

Watu wa Gourna ya kale walibaki juu ya makaburi yao kwa zaidi ya miaka 50 mingine, mpaka serikali ilipoanza kuzibomoa nyumba zao kwa matrekta mwishoni mwa mwaka 2006. Kile kijiji cha Fathy nacho hakikusalimika. Maji ya chini ya ardhi yenye chumvi yalipanda kwenye kuta, na nyumba nyingi zikavunjwa na wakaazi wakajenga za zege. Baadaye UNESCO na Misri waliingia kuokoa majengo yaliyobaki, ukiwemo msikiti, ambao hadi leo watu wanasafiri kutoka mbali kuuona.

Uhamishoni na kurudi

Baada ya Gourna alikabidhiwa idara ya majengo ya skuli katika Wizara ya Elimu, na huko nako mawazo yake yakakwama kwenye meza za wakubwa. Mwaka 1957 akaondoka Misri, akaenda Athens kufanya kazi na msanifu wa Kigiriki Constantinos Doxiadis. Kwa miaka minne hivi alishughulika na mipango ya makazi ya Iraq na kuzunguka nchi kadhaa za Afrika akitazama watu wanavyojenga. Kisha akarudi Cairo.

Mwaka 1964 alipata nafasi ya kufanya jambo ambalo wapinzani wake hawakuweza kulijibu kwa maneno. Kwenye kituo cha utafiti wa majenzi mjini Cairo zilijengwa nyumba ndogo za majaribio. Moja ilikuwa ya matofali ya udongo, kuta za unene wa sentimita 50 na paa la upinde. Nyingine ilikuwa ya mabamba ya zege ya sentimita 10, kama zile zilizokuwa zikijengewa watu wa kawaida. Wakapima joto la ndani, mchana na usiku, mwezi wa Machi. Ndani ya nyumba ya udongo joto lilibaki kati ya nyuzi 21 na 23 kwa saa zote 24. Ndani ya nyumba ya zege lilipanda hadi nyuzi 36, yaani nyuzi 9 zaidi ya joto la nje. Hebu fikiri. Mtu anaingia ndani ya nyumba kukimbia jua, anakuta ndani kuna jua kuliko nje.

Sababu yake si siri. Ukuta mnene wa udongo hupokea joto la mchana polepole sana, na kabla halijafika ndani usiku umeshaingia na ukuta unarudisha joto nje. Ukuta mwembamba wa zege unalipitisha moja kwa moja. Kwa hivyo tofauti ilitokana na udongo, na pia na unene na umbo.

Mwaka 1967 alianza kijiji kingine, New Baris, kwenye jangwa la oasisi ya Kharga, kwa ajili ya familia 250. Soko lake alilipa minara ya kunasa upepo na maghala ya chini ili mboga na matunda visioze katika joto kali la huko, na barafu haikuwapo. Vita vya Juni mwaka huo vikazuka na kazi ikasimama. Mara ya pili kijiji chake kikabaki nusu.

Kitabu kilichomtangulia

Akiwa na umri wa karibu miaka 70, akaandika habari za Gourna zote, mafanikio na aibu. Kitabu kilitoka Cairo mwaka 1969, na mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Chicago kikakichapisha upya kwa jina la Architecture for the Poor, yaani usanifu kwa ajili ya maskini. Ulikuwa ni wakati bei ya mafuta ilipopanda ghafla duniani, na vijana wa nchi tajiri wakaanza kuuliza kama ni lazima nyumba itumie mashine ili ikalike. Mzee aliyekuwa hasikilizwi kwao akawa anatafutwa na wanafunzi kutoka kila bara.

Mwaka 1980 alipata heshima mbili kubwa: Tuzo ya Mwenyekiti katika Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu, na tuzo ya Right Livelihood, mwaka wake wa kwanza kutolewa. Mwaka 1984 Umoja wa Kimataifa wa Wasanifu Majengo ukampa nishani yake ya dhahabu. Na katika miaka hiyo hiyo Waislamu wa Marekani walimwita Abiquiu, New Mexico, awajengee msikiti na madrasa. Akaenda, mzee wa miaka 80, pamoja na mafundi wa Kinubi, wakawafundisha Wamarekani kuezeka kwa tope.

Maisha yake ya mwisho aliyaishi katika nyumba ya kale karibu na ngome ya Cairo, kwenye kichochoro cha Darb al-Labbana, pamoja na paka wake na muziki alioupenda. Alifariki tarehe 30 Novemba 1989. Hakuacha mtoto. Aliacha wanafunzi.

Lakini haki itendeke, kuna kinaya katika maisha yake. Nyumba nyingi alizokamilisha zilikuwa za watu wenye nafasi, wasanii na matajiri waliopenda uzuri wa makuba yake. Maskini aliowakusudia waliendelea kutaka zege. Si kwa ujinga. Kwao zege ilikuwa ni cheo, ni dalili kwamba familia imetoka kwenye umaskini.

Na sisi je?

Hapa ndipo habari ya mzee huyu inapotugusa. Hata kwetu nyumba ya udongo ni aibu. Kijana wa Kwale au Kilifi akipata pesa kidogo, jambo la kwanza ni kuvunja nyumba ya fito na udongo ya mzee wake na kuweka bloku na mabati. Tusimcheke. Nyumba ile ilitaka kukandikwa upya kila baada ya mvua, mchwa walikula fito, na makuti siku hizi ni ghali na yanaogopwa kwa moto. Anayewaambia maskini wabaki kwenye udongo huku yeye analala kwenye chumba cha ea kondishena hana haki ya kusikilizwa.

Wala tusikimbilie kuiga makuba ya Misri. Huko ni jangwa, mchana ni moto na usiku ni baridi, kwa hivyo ukuta mnene una baridi ya kuweka akiba. Mombasa usiku wa kaskazi hauna baridi hiyo, na hewa imejaa unyevu. Mwili wa mtu wa Pwani unapozwa na upepo unaopita juu ya ngozi. Dawa yetu ya kwanza ni kivuli na upepo, unene wa ukuta unafuata. Ukimuiga Fathy kwa kuchukua tofali lake utakuwa hukumuelewa. Cha kuchukua kwake ni swali aliloanza nalo: mahali hapa pana nini, jua linapita wapi, upepo unatoka wapi, na watu wa hapa walifanyaje?

Majibu tunayo. Nenda Lamu, mji uliowekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Vichochoro ni vyembamba makusudi, kuta za pande mbili zinapeana kivuli. Ndani kuna kiwanda, uwanja ulio wazi juu, hewa ya moto inapanda na kutoka, na vyumba vinapumua kupitia hapo. Urefu wa boriti ya mkoko ndio uliopima upana wa chumba, kwa hivyo msitu wenyewe ulikuwa mshirika katika mchoro. Daka la mbele linampokea mgeni kivulini kabla hajaingia. Na nyumba za Mijikenda zenye paa refu la makuti ziliacha nafasi kati ya ukuta na paa, upepo ukaingia na joto likatoka juu. Wazee waliokuwa wakijua kusi na kaskazi kwa ajili ya kusafiri, walizijua pia kwa ajili ya kulala.

Mengi ya haya hayataki pesa zaidi, yanataka kufikiri kabla ya kuchimba msingi. Weka madirisha mawili yanayotazamana, moja kwenye upande wa upepo, si moja tu. Toa paa nje ya ukuta hata futi tatu, jua lisipige bloku. Inua mabati na uache tundu juu la kutolea joto, kisha weka dari chini yake. Panda mwarobaini upande wa magharibi kabla hujanunua feni. Ukijenga vyumba vya kupangisha, usiwanyime wapangaji dirisha la pili kwa ajili ya kupata chumba kimoja zaidi, hao ni watu na watoto wao watalala humo.

Na wale wenye mamlaka, vyuo vyetu vya ufundi vifundishe kazi ya chokaa na mawe ya matumbawe pamoja na kazi ya simiti. Mafundi wa kazi hiyo wamezeeka, na wengi hawana wanagenzi. Fathy alibahatika kuwakuta Wanubi wakiwa hai. Angechelewa kizazi kimoja, na hao matao yao wangezikwa nayo. Ofisi zinazopitisha ramani za nyumba zinauliza kuhusu mipaka na choo, na ni sawa. Ziulize pia upepo utaingilia wapi.

La mwisho ni la Gourna. Miradi ya kuhamisha watu haitakoma, bandari zitapanuka na barabara zitapita. Anayewajengea wengine nyumba, hata awe na nia safi kama ya Fathy, na awe na kipaji kama chake, akiwasahau wenyewe katika riziki yao na katika maana wanazozipa vitu, atajenga kijiji kizuri kisichokuwa na watu. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hassan Fathy alizunguka vyuo, vita na nchi za watu, na mwisho alirudi kwa fundi wa kijijini mwenye tezo mkononi na kukaa chini kujifunza. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie sisi tujifunze kwa mafundi wetu wakiwa bado hai.